Benzi ya Mheshimiwa na Gesi ya Kupikia

Wewe uliyesoma mpaka ukavaa joho, umewahi kuamriwa ujaze gesi ya kupikia kwenye AC ya Benzi kuukuu? Wakesho, mwenye digrii ya kemia na kibanda cha mabati cha kutengeneza AC za magari pale Voi, aliamriwa.

“Gesi yake ya zamani ilipigwa marufuku,” Wakesho alimwambia Mheshimiwa Mwadime, mwenye Benzi. “Hii mpya inataka tubadilishe oili na mipira kwanza. Ya kupikia nayo inalipuka.”

“Madam, wacha kunisomesha. Mtungi si ule? Jaza, halafu ufunge virago. Tingatinga inakuja saa nane kubomoa hiki kibanda chako kisicho na leseni.”

Wakesho akaiingiza Benzi kibandani, akaunganisha mpira kwenye mtungi, kisha akatoka akinyata.

“Tayari. Lakini usiiwashe wala usiisukume. Gesi lazima itulie.”

“Na tingatinga?”

“Ikitoa cheche moja tu, Benzi itafika Nairobi before wewe. That's basic chemistry, Mheshimiwa.”

“Itatulia lini?”

“Nitakuambia.”

Mheshimiwa akapiga simu, tingatinga ikarudishwa. Akaweka askari wawili walinde kibanda usiku na mchana, mtu asikisogelee hata na sigara. Akaenda zake kwa bodaboda, suti imejaa vumbi.

Jioni askari wakaomba chai. Wakesho akauvuta ule mtungi, akaufungua kwa mara ya kwanza siku hiyo, akabandika sufuria kando ya Benzi.

“Kwani garini uliweka nini?” askari mmoja akauliza.

“Hewa, afande. Sukari vijiko vingapi?”

Basi nyinyi wa kaunti, mpeni Wakesho leseni ya kibanda chake kabla Mheshimiwa hajajaribu kuwasha gari.