Tausi Aliyejua Mwisho wa Kila Amri

Mji wa Barhamu, ulioko nyuma ya milima ya shaba na mbele ya jangwa lisilo na jina, ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Kahtani, mfalme mwenye enzi na haiba na tumbo lililotangulia kuingia barazani kabla ya mwenyewe, na Mola alimjaalia majini watiifu ambao ukiwapa amri huitimiza neno kwa neno, wala hawaulizi kwa nini, wala hawasemi tumechoka, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe.

Kwa kuwa jini hajui kutenga amri ya busara na amri ya upuuzi, desturi ilikuwa kwamba kila jini anayetumwa hufungwa kiunoni mahazamu ya hariri, na ncha ya pili hufungwa mwanadamu aitwaye amini, ili ashuhudie kazi kwa macho yake. Na fundo la mahazamu hayo halikufunguka kwa kisu wala kwa dua, ila amri ikiisha. Amri ikiwa fupi, amini hurudi nyumbani chakula kikiwa cha moto. Amri isipokuwa na mwisho, basi tena.

Miongoni mwa maamini alikuwepo Ghalibu, mume wa Thuwaiba binti Sheikh Luqmani. Thuwaiba alisomeshwa elimu ya mantiki na baba yake, akawa akimbana kwa hoja hata mzee huomba udhuru na kukimbilia msikitini kabla ya adhana. Ghalibu hakubishana naye hata siku moja. Alicheka tu, na kicheko hicho ndicho kilichompatia mke ambaye wanazuoni wa mji mzima walimwogopa.

Siku moja ya karamu, Sultani Mundhiri alipokwisha kushiba halwa na sifa, na sifa ndizo zilizomlevya, alisimama akanguruma, "Ewe jini Harjafi! Nenda ukachambue mchanga wa jangwa hili, na wa jangwa lililo nyuma yake, na wa kila jangwa, hata upate punje mbili zisizotofautiana kwa umbo wala uzito wala rangi, na usirudi bila hizo!" Wageni wakapiga makofi mpaka pete zikawaruka vidoleni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama punje hizo zipo. Askari wakamfuata Ghalibu kwake, wakamkuta mkono umo sahanini.

"Nifunikie wali, mke wangu," akasema akicheka. "Mchanga wenyewe si uko hapo tu?"

Akafungwa, akaenda.

Mvua zikaja na kiangazi kikaja, na zikarudi na kikarudi, na Ghalibu hakurudi. Thuwaiba akaenda kwa Kadhi Nabahani, mzee mwenye huruma nyingi na mamlaka machache, akamwuliza, "Sheikh, mimi ni mke au mjane?"

Kadhi akashika ndevu. "Binti yangu, ingekuwa amri yangu ningekujibu. Lakini swali hilo sasa ni la tausi."

Tausi huyo aliitwa Mubashiri, mali ya Waziri Jauhari, ndege mwenye kusema kwa ufasaha, na Waziri alimhakikishia Sultani kwamba ukimsomea amri yoyote anayopewa jini, atakwambia kwa yakini kama itakwisha au haitakwisha. Sultani akapiga mbiu kuwa neno la tausi ni hukumu. Naye tausi, aliposomewa amri ya mchanga, alitandaza mkia akasema, "Itakwisha! Amini atarudi!"

Basi Thuwaiba akawa mke wa mtu. Hakuruhusiwa kukaa eda, wala kuolewa, wala kulia hadharani, maana kumlilia aliye hai ni uchuro. Majirani wakampita mlangoni wakimpongeza, "Hongera, mwenzetu, mumeo yuko njiani!" Naye akawajibu, "Ahsanteni," na kila ahsante ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja ahsante zikamwishia, akajitanda buibui lake akaenda barazani.

"Maulana," akasema mbele ya Sultani, "nimekuja kumshitaki tausi."

Baraza likacheka. Waziri Jauhari akajitokeza, kilemba kama mnara. "Mwana Thuwaiba, tausi wangu hajakosea hata mara moja! Mwulize amri ya kujaza mtungi maji, atasema itakwisha. Mwulize amri ya kujaza tenga maji, atasema haitakwisha."

"Hayo, Waziri, hata punda wa mchota maji anayajua, naye hakupewa tundu la dhahabu kama tausi wako." Watu wakacheka tena, safari hii upande wake. "Mimi naulizia amri ambazo hatujui. Alisema mume wangu atarudi. Hajarudi. Je, hajakosea?"

"Hajakosea. Bado tu."

"Mtasema bado mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

"Na asiporudi?"

"Basi bado," akasema Waziri, na alisema kwa utulivu wa mtu aliyekula akashiba.

Thuwaiba akatambua kwamba uongo wa namna ile haukamatiki milele. Akamgeukia Sultani. "Maulana, naomba jini mmoja na amri moja. Na kwa kuwa Waziri ana yakini, yeye ndiye awe amini."

"Nifungeni!" Waziri akatanua kifua, na mahazamu yakafungwa.

Thuwaiba akamwambia jini, "Ewe jini, amri yangu ni hii. Mwulize tausi kuhusu amri hii hii ninayokupa sasa: je, itakwisha au haitakwisha? Akisema itakwisha, izunguke nguzo ile bila kukoma hata dunia ikunjwe. Akisema haitakwisha, keti chini, nawe umemaliza."

Kisha Kadhi Nabahani, aliyekuwa akifuatisha kwa vidole, akasema taratibu, "La haula!"

Na hapa ndipo ilipo siri ya moyo wa mwanamke yule: aliomba ashindwe. Alitaka tausi apate mlango wa kutokea ambao yeye hakuuona, kwa sababu tausi akiwa mkweli, Ghalibu yuko njiani.

Jini akauliza. Tausi, kwa mazoea yake ya habari njema, akafungua mdomo, "Itakwi—"

"Funga mdomo!" Waziri akapiga ukelele, kilemba kikamdondoka. "Ukisema itakwisha nitazungushwa nguzo mpaka kiyama! Sema haitakwisha, ndege maluuni wewe!"

"Lakini Waziri," akasema Sultani, "tausi si husema kweli? Mwache aseme kweli."

"Maulana, asiseme kweli! Aseme ninachomwambia!"

Baraza zima likasikia, na hapakuwa na haja ya shahidi mwingine. Tausi akakunja mkia. "Haitakwisha," akanong'ona.

Jini akaketi chini. Fundo likafunguka lenyewe. "Imekwisha," akasema jini, na kati yake na Waziri na tausi, yeye peke yake ndiye ambaye hakuwa amesema uongo siku hiyo.

"Amemtega!" Waziri akalia. "Hiyo ni moja tu asiyoijua!"

"Ulisema kila amri," akajibu Thuwaiba. " Sasa nitajie nyingine asizozijua, ili tujue lini tumsadiki."

Waziri akainama kuokota kilemba chake.

"Tutatafuta ndege mwingine," akasema Sultani, "mwenye hekima kumpita huyu."

"Mlete umtakaye, Maulana. Amri itakuwa ile ile, nitabadilisha jina la ndege tu."

Hapo Kadhi akasimama, akatangaza, "Hukumu ya kwamba Ghalibu atarudi imebatilika!" Wanawake nyuma ya pazia wakaanza vigelegele, kisha vikakatika, maana mshindi mwenyewe, Thuwaiba, alikuwa ameketi sakafuni.

"Kwa hiyo, Sheikh," akauliza, "hatarudi?"

"Hilo nalo hatulijui, binti yangu. Huenda punje ya pili iko chini ya kidole chake saa hii. Huenda haikuumbwa."

Sultani akaona haya, na haya ilikuwa ngeni usoni pake. Akampa Thuwaiba nyumba ya Waziri na vyote vilivyomo, akamfanya Waziri mfagiaji wa banda la tausi, na akapiga mbiu kwamba tangu siku hiyo kila amri ya jini imalizike kwa maneno haya: "au hata mwezi uandame, kisha urudi." Maneno machache namna hiyo! Thuwaiba alipoyasikia ndipo alipolia hadharani, kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kumwambia ni uchuro.

Kadhi akamngoja anyamaze. "Elimu haiwezi kulipatia jambo hili mwisho," akasema, "lakini ulimi wako unaweza. Sema 'nimeacha kungoja,' nami nitaivunja ndoa kwa mamlaka yangu."

"Na nikisema hivyo, Sheikh, nitakuwa nimesema kweli?"

"Utakuwa umesema, mwanangu. Hilo tu."

Akasema.

Akakaa eda yake, na ilipokwisha akaposwa na Idarusi muuza udi, mgane mpole asiyejua mantiki hata chembe, na harusi ikafanywa, wakachinjwa ng'ombe na zikapigwa ngoma hata milima ya shaba ikaitikia. Somo yake alipokuwa akimpaka hina akamwuliza, "Una furaha, mwanangu?"

Thuwaiba akatazama mikono yake. "Nilisema nimeacha kungoja. Ghalibu akirudi leo nikamkimbilia, mimi ni mwongo. Asiporudi, sitajua kamwe kama nilisema kweli. Nipake na mkono wa pili, Somo, watu wanangoja."

Basi ninyi mliokula mkashiba na mkapewa watu wa kuwatuma, mkimtuma mwenzenu kazi, mtajieni na pa kuishia. Na kama hamjui pa kuishia, jifungeni mahazamu wenyewe, mwende.