Mhadhara wa Fisi Shimoni

Hapo kale, wanyama walipokuwa na simu lakini hawana maji, ukame uliwatawanya mpaka kila mmoja akahamia alikopata jani la kutafuna. Simba, mkuu wa Chuo cha Kuchimba Visima, akatangaza kwamba masomo sasa yatatolewa kwa simu, na Jumamosi tu wanafunzi watakuja chuoni. Hakuuelewa mpango wenyewe, ila aliupenda jinsi ulivyosikika kinywani mwake.

Kazi akapewa Fisi, aliyeipigia kelele kuliko wote, kwa ujira wa paja la mbuzi kwa kila saa ya somo. Basi Fisi akafukua madaftari yake ya zamani, akajirekodi akiyasoma saa tatu kila siku, akitua tu kupiga miayo. Jumamosi, wanafunzi walipofika miguu imewavimba, aliweka spika mezani akawawekea rekodi zile zile, yeye akalala.

Sungura, mwanafunzi wa dawati la nyuma, aliona aibu kwa niaba yake. Mbele yake aliketi Mama Ngiri, aliyetembea tangu alfajiri na watoto watano wenye midomo iliyokauka. Kwake mtandao ulishika juu ya kichuguu tu, na bando liliisha Fisi hajamaliza hata kusalimia.

"Mwalimu," Ngiri akasema, "nimechimba mara mbili, shimo linabomoka. Dimbwi letu litakauka mwezi huu, na likikauka watoto hawa sina pa kuwapeleka. Nifanyeje?"

Fisi akafumbua jicho moja. "Andika kwenye kisanduku cha maswali, mama. Utajibiwa baada ya siku saba."

Hapo Sungura alikasirika kweli, masikio yakamtetemeka. Akasikiliza rekodi zote, akijifinya asisinzie, na katikati ya porojo akakuta sentensi moja ya maana: shikiza kuta kwa magogo kabla shimo halijapita kiuno. Akamtumia Ngiri video ya dakika tatu tu, yeye mwenyewe na magogo mawili shimoni.

"Jaribu leo leo," alisema. "Jumamosi niletee udongo wa chini kabisa, tuutazame pamoja."

Ngiri alileta mchanga mkavu. Wakaufikicha, wakabishana, wakachagua mahali pengine. Jumamosi iliyofuata alileta matope, na Sungura akafurahi mpaka akajipaka usoni.

Kisha akaenda kwa Simba. "Mtukufu, mwalimu kama Fisi anastahili ng'ombe mzima. Achimbe kisima mbele yetu, tumrekodi kwa ajili ya vizazi vijavyo."

Simba akavimba kichwa, maana sifa za Fisi alizihesabu kuwa zake. Fisi naye, aliposikia neno ng'ombe, hakusikia jingine. Siku ilipofika alirukia jembe akachimba kwa pupa, udenda ukimtoka, bila gogo hata moja. Shimo likapita kiuno, likapita mabega. Kuta zikaporomoka zikamfukia mpaka shingoni.

"Nisaidieni! Nifanyeje?"

"Jibu liko kwenye rekodi ya kumi na saba, mwalimu," Sungura akajibu. "Kwani hujisikilizi?"

Simba akakohoa, akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka na huyu Fisi. Hakuna aliyemgeukia. Wote walikuwa wakimtazama Ngiri akija na ndoo ya maji safi kutoka kisimani kwake, nyuma yake watoto watano, midomo imelowa na matumbo yamejaa maji.

"Mama Ngiri!" Fisi akalia. "Mama mwema! Nivute, na unipe japo funda moja!"

Ngiri akatua ndoo, akainama mpaka pua yake ikakaribia pua ya mwalimu wake.

"Andika kwenye kisanduku cha maswali," akasema. "Utajibiwa baada ya siku saba."

Nami natua mzigo wangu hapa. Mwenye kiu aende kwa Ngiri, Jumamosi anafundisha.