Nta ya Masikioni

Mwaka wa pili wa kukosa vuli, mwanamke aitwaye Nakunda alitolewa nyumbani kwake akiwa hai. Ilikuwa zamani hizo, wajukuu zangu, zamani ambazo hata mlima ulikuwa haujapewa jina. Mpo? Kama mpo, sogeeni. Na anayetaka kisa cha kuchekesha aende kwa shangazi yake.

Watu wa mlima ule walikuwa na sheria moja juu ya kifo: mtu hafii ndani. Akifia ndani, nyumba inachomwa. Mkeka unachomwa, kinu kinachomwa, na mbegu iliyohifadhiwa darini juu ya jiko, nayo inachomwa. Kwa hiyo mgonjwa alipokaribia kufa walitoboa ukuta wa nyuma, wakampitisha hapo, wakaliziba tundu kwa udongo. Walimpeleka ng'ambo ya masale. Masale mnayajua, ndiyo yale majani marefu tunayopanda mpakani. Huko waliwasha moto, wakamwachia kibuyu cha maji, wakarudi. Walinyoa nywele, wakavunja bakuli lake, na jina lake halikutajwa tena. Walikuwa na msemo: aliyetoka kwa nyuma harudi kwa mbele.

Nani ameuliza kama alikuwa ameshakufa? Ngoja. Hata wao walitaka kujua.

Nakunda alikuwa mjane. Aliishi na binti yake, Nambike, na mume wa Nambike, Mrutu, na mtoto wao mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Darini mwao kulikuwa na ulezi wa mbegu. Chakula kilikuwa kimekwisha, walikuwa wakila mizizi, lakini ulezi ule hawakuugusa. Masika ikija utapandwa. Ukiungua, hakuna cha kupanda, na majirani hawana cha kuazima. Nambike alijua hilo. Mama yake alijua hilo. Kila jioni mama alilala chali, akitazama dari.

Alipoacha kula, Mrutu alimwita Mzee Kiondo, mrina asali. Yeye ndiye aliyepima wagonjwa. Alichovya kijiti katika asali na kudondosha tone kwenye ulimi wa mgonjwa. Akimeza, bado ni wa nyumbani. Asipomeza, ameshaondoka, ni mwili tu uliobaki nyuma.

Kiondo alidondosha tone. Nambike alitazama koo la mama yake. Koo halikusogea. Kiondo alingoja, akadondosha la pili. Koo halikusogea.

"Toboeni," akasema Kiondo.

Mrutu akatoboa. Tangu aoe, Mrutu hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, maana ndiyo ilikuwa heshima. Akimwona njiani alipita vichakani. Siku hiyo alimbeba mgongoni. Nambike alishika kibuyu cha maji na kigae cha makaa. Walimlaza juu ya majani ya migomba, wakawasha moto, wakarudi. Walinyoa. Walilia. Walivunja bakuli. Aliyetoka kwa nyuma harudi kwa mbele.

Kesho yake, jua likiwa juu, Nambike alikuwa akikandika udongo penye tundu. Akasikia sauti kutoka upande wa masale.

"Nambike. Moto umezimika."

Alidhani ni masikio yake. Akaendelea kukandika.

"Nambike, mwanangu. Baridi."

Akaenda. Alifika kwenye masale akasimama, kwa sababu aliyevuka tena kumfuata mgonjwa aliyekwisha kulazwa, kabla hajafa, alihesabiwa naye ametolewa. Mtu huyo hakuruhusiwa kurudi nyumbani. Nambike alipitisha uso kati ya majani, akamwona mama yake amelala walipomwacha. Ukungu wa mlima ulikuwa umelowesha kuni. Miguu ya mama ilikuwa haiendi tena, lakini macho yalikuwa macho yake.

"Mama, hukumeza asali."

"Niliiweka shavuni."

Nambike hakuelewa. Mama akamweleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusuka mkeka. Alikuwa amehisi kifo kiko karibu, akaogopa kisije kikamkuta ndani, siku ambayo hakuna mtu wa kumtoa. Ulezi ungeungua. Kwa hiyo alibana koo. Walipomlaza na kuondoka, akameza.

"Ilikuwa tamu," akasema. "Na mumeo mwambie, hajui kubeba mtu. Amenitikisa kama kibuyu cha maziwa."

Nambike alicheka, kisha akaona anacheka na mtu ambaye ameshanyoa nywele kwa msiba wake.

"Nilidhani ni suala la usiku mmoja," mama akasema. "Nimekosea. Mwili huu una ubishi."

"Nakuja, Mama."

"Usivuke. Nani atamnyonyesha mtoto? Mrutu?"

Mnasikia, wajukuu zangu? Yuko upande ule anakufa, na bado yeye ndiye anayekataza.

Nambike alikimbia nyumbani, akachukua ukuni unaowaka, akarudi. Aliurusha kupita juu ya masale kwa nguvu zake zote. Uliangukia kwenye majani mabichi, mbali kidogo na mkono wa mama. Mama alinyoosha mkono. Haukufika. Wote wawili wakautazama ukifuka moshi, mpaka ukazima. Akaleta mwingine, ukaanguka mbali zaidi. Akaleta wa tatu, na huo ulizimika njiani.

"Basi," mama akasema. "Utamaliza kuni za watu."

Nambike alikwenda kwa Mzee Kiondo. Alimweleza habari ya asali, akamwomba waende wamrudishe, kwa kuwa kipimo kilikuwa cha uongo. Kiondo alikuwa anachuja masega. Hakuonyesha kushangaa. Alisema kipimo si cha mgonjwa, ni cha waliobaki, wapate kitu cha kuwaambia wamembeba kwa haki. Alisema bakuli limeshavunjwa.

"Mke wangu aliniita siku nne," akasema. "Alitaka maji."

"Ukafanya nini, babu?"

Kiondo akachovya mkono ndani ya chungu, akatoa nta, akaifinyanga vidonge viwili. Akamwekea Nambike kiganjani.

"Ipashe moto kidogo kwanza," akasema. "Ikiwa baridi haizibi."

Nambike alirudi nyumbani. Mtoto alikuwa analia njaa, akamnyonyesha. Sauti ilikuwa inaita, si kwa nguvu. Mrutu aliketi mlangoni akitazama chini. Nambike alipasha nta moto, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto.

Alipoitoa, masika ilikuwa imeanza. Hakujua mama yake alinyamaza siku gani. Hakuweza kumuuliza mtu, kwa sababu jina lilikuwa halitajwi.

Ulezi ulipandwa, ukaota, ukavunwa. Mtoto aliishi. Nyumba ilisimama. Nambike alikula ulezi ule kama wengine, maana njaa haina haya.

Mnataka fundisho. Nitawapa sasa, kwa kuwa mwisho wenyewe hauna. Anayekufa bado anasikia baridi. Mkae naye upande alipo. Msimlazimishe kuchagua kati yake na ulezi. Lakini kama mwaka umewalazimisha ninyi nyote, msidanganyane kwamba asali ndiyo iliyoamua. Hilo ndilo fundisho, na halikumsaidia Nambike.

Kisa kimefika kwenye masale, wajukuu zangu, nami sivuki. Limebaki neno moja, nikilisema nanyamaza.

Nambike alizeeka, akaugua. Aliyemtoa kwa nyuma ni yule mtoto aliyemnyonyesha, sasa mtu mzima mwenye mvi. Alipomlaza chini, alimweleza kwamba hataziba masikio. Kisha alirudi akaketi kando ya masale, upande wa nyumbani, na ukuni unaowaka mkononi, akisubiri kuitwa.

Nambike hakuita.