Hindi Moja la Kuchoma

Wapendwa, nipeni masikio kidogo. Na wewe unayetazama saa, wali wa nyumbani haukimbii.

Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja aliyeangushwa na baiskeli aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Msicheke! Alipoinuka, meno manne ya mbele yalikuwa yamebaki barabarani.

Na mtu huyu alipenda mahindi ya kuchoma kuliko ubwabwa wa harusi. Sasa hindi utaling'ata na nini, na fizi? Miaka tisa akala uji, viazi vya kuponda na ndizi mbivu. Msimu wa mahindi ukifika, harufu ikivuka uzio, anaingia ndani na kufunga dirisha. Mkewe naye, meno yote thelathini na mawili kinywani, alikula kilekile anachokula mumewe. Mahindi? "Mimi yananijaza gesi," husema. Fundi aliamini. Wewe usingeamini?

Siku moja binti yao akampeleka mjini kwa daktari wa meno. Daktari akamwambia, "Mzee, tutakuwekea meno ya kupandikiza. Naingiza skrubu ndani ya mfupa wa taya, tunasubiri miezi mitano mfupa uishike barabara, ndipo naweka jino juu yake. Ukitafuna vigumu kabla ya hapo, tunaanza upya."

Miezi mitano! Mzee wa watu alirudi nyumbani amenuna.

"Mama Sekela," akasema, "katika nyumba hii anayeteseka ni mimi peke yangu. Wewe hujui hamu ni kitu gani."

"Pole, Baba Sekela," akajibu mkewe, akaendelea kumpondea viazi.

Siku zikatimia. Meno yakawekwa, akaanza taratibu na mkate, kisha nyama, mpaka daktari akampa ruhusa ya kula chochote. Fundi hata nyumbani hakupita. Alikwenda moja kwa moja kwa mchoma mahindi, akachagua hindi nono, likapakwa ndimu na pilipili. Alinunua moja tu, maana mama ana gesi.

Akaketi barazani karibu na mkewe. Kra! Machozi yakamtoka kwa furaha. Alipokula mistari miwili, mapenzi yakamjaa moyoni, akamnyooshea mkewe hindi lile.

"Onja basi, mke wangu. Punje mbili hazitakuua."

Mama akalipokea. Akang'ata mstari mmoja, akang'ata wa pili, akaligeuza, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, mkononi ana gunzi tupu.

"Jamani! Nimekumalizia!"

"Na ile gesi?"

"Gesi gani, Baba Sekela? Ningetafunaje mahindi mbele yako, na wewe umeshika kikombe cha uji?"

Fundi akakumbuka alivyosema anateseka peke yake, akaona haya kumtazama mkewe usoni. Aliyepoteza meno alikuwa mmoja, lakini waliokosa mahindi walikuwa wawili.

Sisi je, wapendwa? Tunapiga magoti tukimwambia Mungu, "Mimi peke yangu, Bwana!" Na jikoni kwetu kuna mtu anayesema ameshiba, nyama haipendi, gauni la zamani linamtosha. Tunamwamini haraka haraka, kwa kuwa kumwamini kunatufaa. Ni nani kwako anayekula viazi vya kuponda kwa ajili yako? Ulishawahi kumuuliza?

Najua wengine mmeombea jambo mwaka huu na Mungu amewajibu. Utukufu ni wake. Sasa utakapotoka hapa, ukifika kwa mchoma mahindi pale njia panda, nakusihi, mpendwa, usiseme mwenzangu hapendi.

Nunua mawili.