Pimbi na Mhina wa Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyua zao, vinu vyao na majirani wa kugombana nao, aliishi Pimbi mmoja, jina lake Zamda. Nyumba yake ilikuwa ufa ndani ya mwamba. Humo alikaa na binti yake wa pekee, Tunu, mtoto asiyejua kukaa kitako.

Asubuhi moja Tunu akaingia jikoni mbio, akajikwaa kwenye figa. Chungu kikapinduka. Chwaa! Uji wote ukammwagikia mguuni.

"Mamaaa! Nakufa!"

Zamda akammwagia maji, akampepea, akambembeleza. Wapi! Kesho yake mguu ulikuwa umevimba kama boga. Mtoto hali, halali, na mwili wake unachemka.

Dawa Zamda aliijua. Bibi yake alimfundisha kwamba majani ya mhina, yakipondwa na maji safi, huipoza ngozi iliyoungua. Lakini bonde zima lilikuwa na mhina mmoja tu, nao ulikuwa uani kwa Chui.

Tena Chui hakuuweka kwa ajili ya dawa. Aliupenda kwa maua, vile vishada vyeupe vinavyonukia hadi njiani. Aliuzungushia ua wa miiba, akamweka shemeji yake Fisi kulinda lango. Digidigi aliwahi kuingia kuchuma majani, hakurudi kwao. Pembe zake zilitundikwa pale langoni.

Zamda akamwacha mtoto kwa jirani yake Bi Kobe, akaenda.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza Fisi.

"Ni mimi, Zamda wa mwambani. Nina shida na Bwana Chui."

Akapitishwa. Chui alikuwa amejinyoosha barazani.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Sema upesi, kabla sijakumbuka kuwa sijala."

"Mwanangu ameungua. Naomba majani ya mhina, kiganja kimoja tu."

"Majani! Mti ukinyonyolewa utachanua nini? Kesho naoa. Wakwe zangu wanakuja kuyaona maua haya. Fisi! Mtoe, na umwonyeshe zile pembe."

"Hi-hi-hiii!" Fisi akacheka.

Zamda akageuka aende zake. Hapo akamsikia Chui akishuka barazani: hatua moja, "Sss!" Hatua nyingine, "Sss!" Akatazama. Kumbe nyayo za Chui zilikuwa zimepasuka magaga kwa ukali wa kiangazi, na nyufa zinatoa damu.

Zamda akasimama.

"Bwana arusi," akasema taratibu, "na magaga hayo, ngoma ya kesho utaichezaje?"

"Magaga gani?" Chui akanguruma.

"Basi sikuona kitu. Macho yangu mabovu. Ila wakwe zako nasikia wanaona vizuri."

Mkia wa Chui ukapiga chini, pa! pa!

"Dawa ipo?"

"Ipo, tena iko hapa kwako. Ni huo mhina. Hina huziba nyufa, hulainisha ngozi, na nyayo zitakolea wekundu mpaka wakwe washike vinywa."

"Fisi atanisagia."

"Huyu? Atautafuna mchi."

Chui akamwangalia Zamda. Kisha akasema, "Chuma machache. Utajipaka wewe kwanza. Kama ni sumu, ufe wewe."

Zamda akachuma, akatwanga kinuni, twa! twa! twa!, akakamulia ndimu ya jikoni kwa Chui, akajipaka kiganjani. Wakamkodolea macho. Akapumua, akakohoa, akabaki mzima.

"Haya, nipake," Chui akasema, akanyoosha mguu.

Zamda akaushika unyayo ule, mpana kuliko kichwa chake, akasindilia hina ndani ya nyufa. Ndimu ikaingia kwenye kidonda.

"Yalaaa! Unaniua!"

Kufumba na kufumbua, makucha yalikuwa shingoni mwa Zamda. Pumzi ikakatika. Akilini akamwona Tunu akilia kwa Bi Kobe, hana mama.

"Bwana..." akasema kwa sauti ya kukwama, "hapo ndipo inapoingia. Subiri kidogo. Isipotulia... ndipo unikabe."

Chui akasubiri, makucha yako palepale. Fisi akalamba midomo.

Polepole uso wa Chui ukalegea.

"Mmm," akasema. "Ubaridi unaingia." Akamwachia. "Endelea."

Zamda akapaka miguu yote minne, akaiviringishia majani ya mgomba, akaifunga kwa kamba, kaza, kaza! Makucha yote yakawa ndani.

Sasa alibaki Fisi, na Fisi alikuwa mzima na meno yake yote. Zamda alikuwa bado anawaza atampitaje, Fisi mwenyewe akaropoka:

"Na mimi je? Si ndiye mpambe wa bwana arusi? Nitasimama kwa wakwe na miguu ya vumbi?"

"Ehee! Afadhali umesema, kaka," Zamda akajibu. "Lete miguu."

Naye akapakwa, akafungwa.

"Sasa laleni chali, miguu juu, mpaka hina ikauke. Mkikanyaga chini, itatoka mabaka mabaka."

"Mabaka ninayo ya kutosha!" Chui akasema, akalala haraka.

Wakalala, miguu minane inatazama mbinguni. Zamda akatandaza kanga chini ya mhina, akaanza kuchuma.

"Unafanya nini huko?" Chui akauliza, kichwa kikiwa chini.

"Nachuma ya kurudia, Bwana. Hina ya kwanza hufungua, ya pili hukoleza."

Akachuma, akachuma. Kisha akakata vijiti vya kupanda. Kak! Masikio ya Chui yakasimama.

"Tawi langu limevunjika!"

"Limekauka hili, Bwana."

Akafunga kanga mgongoni, akaanza kutembea kuelekea langoni. Hakukimbia. Kila hatua alijiambia: taratibu, Zamda, taratibu. Nzi akatua puani kwa Fisi, zzzz! Fisi akageuza kichwa amkwepe, na macho yake yakaangukia lango.

"Shemeji! Anatoroka!"

Zamda akatimua mbio.

Chui akaruka, akatua kwa miguu yake iliyofungwa. Telee! Hina laini, majani laini, kucha haishiki. Pwaa! Akapiga kidevu chini. Fisi naye akainuka, akateleza, akamwangukia mgongoni. Pu! Wakang'ang'ania kamba kwa meno, wakitukanana. Walipozikata, Zamda alikuwa amekwisha penya miiba.

Akafika nyumbani anahema. Akaponda majani kwa maji matupu, ndimu hakuitia, akampaka Tunu mguu wote ulioungua.

"Mama," Tunu akasema baada ya muda, "moto unatoka." Akalala usingizi.

Zamda akagawa vile vijiti kwa majirani, kila nyumba ikapanda.

Arusi ilipokwisha, Chui akaja mwambani. Zamda hakumsikia, maana kwa nyayo zile Chui hakuchechemea tena. Alishtukia mguu mzima umejaa ufani, mwekundu, laini, makucha yanakwangua jiwe karibu na Tunu. Akamvuta mtoto mpaka mwisho wa ufa.

"Toka nje, mwizi!"

"Sitoki, Bwana. Ni kweli nimekuibia, na ni kweli nimekutibu. Wakwe waliyasifu maua?"

Makucha yakakwangua jiwe tena.

"Walisifu nyayo," Chui akasema.

"Magaga hurudi kila kiangazi, Bwana. Ukinila mimi, mwakani atakayekusagia ni Fisi."

Makucha yakatulia juu ya jiwe. Kisha mguu ukarudi nyuma, ukatoka, na mwanga ukaingia tena ufani.

Basi, wanangu, anayewafungia wenzake dawa ajue kwamba akili ya mnyonge haizuiwi na lango.