Doti Moja, Mabega Matatu

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuoa binti wa mfalme, ni zamani ya juzijuzi tu, kijana wa Upareni aitwaye Mbonea aliingia chuo cha ualimu na mdomo mpana kuliko begi lake. Aliamini yeye ni mwandishi. Nani alimwambia? Alijiambia mwenyewe, akajipigia na makofi.

Chuoni palikuwa na somo la utunzi, na somo lilikuwa na Bi. Kijoli, na Bi. Kijoli alikuwa na mkasi. Walimu wenzake husahihisha kwa kalamu nyekundu, yeye hukata. Kibaya kinaanguka kapuni, mwanafunzi anarudishiwa kilichobaki. Wapo waliorudishiwa jina lao tu.

Insha ya kwanza ya Mbonea ilianza, "Katika ulimwengu huu uliojaa milima na mabonde ya maisha," na mpaka ukurasa wa mwisho ilikuwa bado inapanda mlima. Bi. Kijoli akakata, krch, krch, akamrudishia kipande chembamba kama ulimi wa kenge. Kimeandikwa: Shangazi yangu anapenda pilau.

"Na sentensi zingine, mwalimu?"

"Zingine ulikuwa unapiga miayo kwa wino. Mbegu ni hiyo. Kaipande."

Basi Mbonea akaandika. Kila baada ya chakula cha mchana akawa anamsomea mwenzake wa bwenini, Limbu, jitu la kitanda cha juu. Mbonea anasoma, Limbu anakoroma. Akibadili mwanzo, Limbu anakoromea katikati. Akibadili katikati, anakoromea mwishoni.

"Wee Limbu, hata aya moja?"

"Kaka, mimi sijakataa kusikiliza. Insha yako ndiyo inanibembeleza."

Mbonea akaona mapambo hayamfai. Akaandika alichokiona kwa macho yake: harusi ya binamu, Shangazi Nakunda, na mkoba mweusi. Shangazi alikuwa ameujaza pilau, nyama juu, kachumbari pembeni. Wakati wa dua ya kufunga shughuli alisimama nyuma ya bwana harusi. Sheikh akainua mikono, shangazi naye akainua, mkoba ukafunguka, pilau yote ikamshukia bwana harusi kichwani. Bwana harusi akaitikia, "Amina."

Siku hiyo Limbu hakulala. Alicheka mpaka akaporomoka kitandani. Bi. Kijoli naye akasoma, mkasi mkononi, asikate hata nukta.

Sasa, chuo kile kina desturi yake. Siku ya mahafali insha bora husomwa mbele ya watu, kisha mwandishi humfunika doti ya khanga mtu mmoja, yule aliyemfanya awe mwandishi. Insha ya pilau ikashinda. Na safu ya mbele kakaa nani, miwani puani, mkoba uleule mapajani? Shangazi Nakunda, aliyemlea Mbonea tangu ananyonya, na hajui kitakachosomwa!

Mbonea alitaka kuiruka pilau. Akasikia kichwani, krch, krch: ukitoa pilau, linabaki jina lako. Akasoma yote. Mgeni rasmi alicheka mpaka akavua koti.

Khanga ikaletwa. Bi. Kijoli akasimama.

"Bila mkasi wangu mngekuwa bado mnapanda milima na mabonde. Lete hapa."

Limbu akaruka. "Mwalimu alikata, sawa. Aliyemwonyesha palipopooza ni nani? Nimelala muhula mzima kwa ajili yake! Wengine wangemdanganya, 'nzuri, nzuri.' Usingizi wangu haujawahi kusema uongo."

Shangazi akainuka taratibu, kama chungu kinachoanza kuchemka.

"Mkasi ulikata nini? Na wewe jitu ulilalia nini? Pilau yangu, mkoba wangu, aibu yangu! Hukuniomba, Mbonea. Umfunike mwingine, halafu ulete pua yako nyumbani kwangu uone."

"Mama, aibu kila mtu anayo," akasema Bi. Kijoli. "Ngapi zimekuwa insha?"

"Na mikasi, mwanangu," akamjibu shangazi, "si imejaa sokoni?"

Mkuu wa chuo akakohoa. "Jamani, doti ni pande mbili, labda..."

"Wadai watatu, mkuu," akasema Limbu.

"Basi nikate," akasema Bi. Kijoli, na mkasi ulishatoka kwenye pochi.

"Thubutu!" akasema shangazi.

Mbonea kabaki katikati, khanga mikononi, jasho mpaka kwenye soksi. Akamtazama aliyemkata, akamtazama aliyemlalia, akamtazama aliyemlea na ambaye yeye kamwanika. Kwa kitambo akafikiria hata kujifunika mwenyewe, maana aliyeumwa mgongo akiandika ni nani? Pilau ya mahafali inapoa, watu wanasubiri, na mpaka leo ukipita pale utamkuta amesimama.

Haya, nyinyi mnaocheka: ingekuwa wewe, ungelifunika bega la nani? Na wewe uliyekimbilia kujibu "la shangazi", hebu tuambie: ni kwa ajili ya insha, au unaogopa kulala nje?