Kidole cha Mzee Chande

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wafiwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale, ila si kale ya kukosa ndege. Yote niliyaona kwa macho yangu haya. Nilikuwa sijazaliwa, lakini nilikuwepo!

Kijijini alikuwepo Mzee Chande. Ujanani alikwenda vitani, kwenye ndege. Rubani hakuwa. Alikaa nyuma ya rubani, ramani magotini, akinyoosha kidole: kata huku, kata kule. Ndege ikafuata kidole. Vuuuuu!

Vita vikaisha, akapokelewa kwa ngoma. Lakini akiswali, wenzake wakifika kwenye kikao cha tahiyatu wananyoosha kidole cha shahada. Yeye anakikunja. Ukimuuliza njia ya kisimani, anakunja kidole, anakupeleka mwenyewe kwa miguu.

"Ndege uliziongoza, babu, kisima kinakushinda?" vijana wakimtania.

Akicheka nao, kidole kimekunjwa.

Siku ya kuchimba msingi wa msikiti mpya, mafundi wakagombania kibla. Huyu kushoto kidogo, huyu kulia kidogo. Sheikh Ngwali akamwita.

"Mzee Chande, tunyooshee kidole tu, tuchimbe."

Akakunja kidole.

"Unatunyima kibla?"

"Naogopa, sheikh."

"Mtu wa vita anaogopa!" Watu wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Chande akaona akinyamaza ataitwa mwongo, akisema ataitwa jina baya zaidi. Akakaa chini, palepale udongoni.

"Niliambiwa nionyeshe kambi ya adui. Nikanyoosha. Bomu likashuka, puu! Kulipopambazuka tukapita tena. Haikuwa kambi. Lilikuwa turubai la harusi. Masufuria ya pilau yametapakaa. Nami nikarudi hapa, nikawaacha mnipigie ngoma."

Majembe yakawa mazito mikononi. Hakuna aliyejua aweke wapi macho.

Sheikh akamwinua. "Kibla tutaitafuta kwa jua, baba. Wewe njoo tuswali."

Akaswali safu ya nyuma mpaka meno yakamwisha, kidole kimekunjwa. Siku ya kufa, Sheikh akamtamkisha shahada. Akatamka. Kisha polepole, kile kidole kikanyooka. Kikanyooka juu, kwa Mola wake.

Basi, wanangu, msimcheke mtu kwa alichokikunja, kabla hamjajua aliwahi kumnyooshea nani.

Hadithi yangu naitua hapo. Yote niliyaona, nawaapia. Ila kidole... tulimzika nacho kimekunjwa. Nimekinyoosha mimi, humu hadithini.